Astigimatizimu na leza ya macho: hatua za kupita kabla hujapanda boti

Ukikaa ufukweni usiku, utaziona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga gizani. Mwenye macho mazima huona nukta, moja moja. Mwenye astigimatizimu huiona kila taa imevutika, imeota mkia, na zikiwa nyingi zinaingiliana. Nimekutana na watu wazima waliofika miaka thelathini wakiamini kwamba taa ndivyo zilivyo kwa kila mtu.

Kazi yangu ni kupima macho, hapa mjini Unguja. Siku hizi wiki haipiti bila mtu kunisogezea simu anionyeshe tangazo: "Dada, hii LASIK, nikifanya si ndio basi na miwani?" LASIK ni mojawapo ya leza zinazochonga konea, yaani kioo cha mbele ya jicho. Namjibu tupime kwanza. Konea yako ndiyo itakayosema unafaa leza gani, au kwamba hufai leza yoyote. Kwa hiyo hatua hizi nimezipanga kwa mfuatano ninaoufuata na wateja wangu, kuanzia karatasi uliyonayo nyumbani.

Hatua ya 1: Isome karatasi yako ya miwani

Itoe ile karatasi uliyopewa ulipopimwa. Ina mistari miwili, jicho la kulia na la kushoto, na kila mstari una namba mpaka tatu. Tuchukue mfano huu: −1.50 / −2.25 × 180.

Namba ya kwanza ikiwa na alama ya kutoa, maana yake huoni mbali vizuri; ikiwa na ya kujumlisha, jicho linajikaza ili kuona, na tabu huwa zaidi kwa karibu. Namba ya pili inaitwa silinda, na hiyo ndiyo astigimatizimu yenyewe. Ya tatu ni eksisi, pembe ambayo silinda imelalia, na haizidi 180.

Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho kinachopitisha mwanga. Ikiwa na mviringo sawasawa kama ndimu, miale yote hukutana mahali pamoja. Ikiwa imebinyika kama limau, upande mmoja umepinda kuliko mwengine, miale inakutana mahali pawili, na picha haikai sawa ukiwa mbali wala karibu. Silinda inakwambia limau limebinyika kiasi gani. Eksisi inakwambia limelazwa kuelekea wapi.

Silinda ya 0.50 peke yake sikushauri uifungie safari. Na kama umeshapita miaka hamsini na uoni umeharibika hivi karibuni, chunguza kwanza mtoto wa jicho. Kwenye upasuaji wa mtoto wa jicho unaweza kutiwa lenzi maalumu inayosawazisha astigimatizimu hapo hapo, na utakuwa umejiokoa na upasuaji wa pili.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi za miaka iliyopita

Leza inachonga konea kwa namba za siku ile. Namba zikiendelea kubadilika, baada ya mwaka utarudi kwenye miwani. Kipimo wanachotumia madaktari wengi ni kwamba umri uwe umetimia miaka 18, na namba zisiwe zimebadilika zaidi ya 0.50 kwa mwaka mmoja. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri, kwa sababu homoni hubadilisha macho na maji ya jicho. Mwenye sukari isiyotulia, au maradhi ya baridi yabisi yanayoshambulia viungo, amwambie daktari mapema kabla hajalipa chochote.

Hatua ya 3: Jiulize kama unafikicha macho

Hapa naomba usipite haraka.

Mdogo wangu amekulia Wete. Tangu skuli alikuwa na mzio wa macho: yanawasha, mekundu, na yeye kazi yake kuyafikicha kwa ngumi mpaka yanatoa maji. Alipoanza chuo akataka leza. Akanitumia picha za karatasi zake tatu za miwani, za ndani ya miaka miwili. Silinda ya jicho la kushoto ilikuwa 1.75, kisha 2.50, kisha 3.75, na eksisi nayo imehama. Nilipoiona ile ya tatu nikamwambia, "Usimpe mtu hata senti moja mpaka upigwe ramani ya konea."

Ramani ya konea ni kipimo kisichouma. Unaweka kidevu kwenye kibao, unatazama taa, na mashine inachora konea yako kwa rangi: palipopinda sana panakuwa pekundu, palipolala panakuwa pa bluu. Astigimatizimu ya kawaida hutoa umbo la namba nane, vipande viwili vilivyolingana. Yake ilikuwa na doa jekundu moja, chini, limevimba kama tumbo la mtungi. Ile ni keratokonasi, ugonjwa ambao konea hukonda na kuchongoka mbele. Kufikicha macho ni katika mambo yanayoufanya uzidi.

Konea ya namna hiyo ukiipiga LASIK unaiondolea nguvu iliyobaki, na inaweza kuendelea kuvimba mpaka miwani isisaidie tena. Alichofanyiwa mdogo wangu ni kukazwa konea: jicho linadondoshewa vitamini B2 kisha linaangaziwa miale ya urujuanimno, na nyuzi za konea zinashikana. Njia hiyo ilianzia Dresden, Ujerumani. Kwa utaratibu wa awali ni dakika 30 za matone na dakika 30 za mwanga. Lengo lake ni kuusimamisha ugonjwa, wala haikumvua miwani. Leo anavaa lenzi ngumu za machoni na amemaliza chuo chake. Kwa haya yaliyompata, mtu yeyote aliye chini ya miaka thelathini ambaye silinda yake inapanda namuuliza kwanza habari ya kufikicha.

Tena, kama una mzio, chunga chupa ya matone unayonunua mwenyewe dukani. Mengi yanayotuliza haraka yana steroidi, na ukiyatumia miezi bila kuangaliwa yanapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Hatua ya 4: Vipimo kamili

Kama unavaa lenzi za machoni, ziache kabla ya vipimo: zile laini wiki moja hadi mbili, zile ngumu wiki tatu au zaidi. Lenzi hubana konea, na namba zitakazotoka zitakuwa za konea iliyobanwa.

Mbali na ramani, utapimwa unene wa konea, machozi, upana wa mboni kwenye giza, presha ya jicho, na utatiwa matone ya kutanua mboni ili daktari aone nyuma ya jicho. Siku hiyo usiendeshe vespa kurudi nyumbani, mwanga utakuumiza.

Omba uambiwe unene wako kwa maikroni, na hesabu ifanywe mbele yako. Konea ya wastani ina maikroni 540 hivi katikati, nusu milimita na kitu. Kwa LASIK, kifuniko kinachofunuliwa kinakula kama 110. Kisha leza inaondoa takriban 15 kwa kila namba moja ya miwani. Yule mtu wetu wa −1.50 na silinda −2.25 jumla yake ni 3.75, kwa hiyo ataondolewa kama 56. Chini ya kifuniko atabakiwa na 374. Amesalimika, maana mpaka unaotajwa na wengi ni kisipungue 250, na madaktari waangalifu wanataka 300. Sasa mchukue mwenye konea ya 480 na jumla ya namba 7.50: atabaki na 257 au karibu yake. Huyo mimi namwambia aifute LASIK kwenye mawazo yake.

Waliopita arubaini wana hesabu nyengine. Leza ya konea haizuii macho kuchoka kwa karibu, yale yanayomfanya mtu ausogeze msahafu mbali. Kama huoni mbali kidogo na umezoea kuvua miwani ili usome au utunge uzi, baada ya leza utaona mbali, na huenda ukahitaji miwani ya kusomea ambayo leo huihitaji. Fundi cherehani apime jambo hili sana.

Hatua ya 5: Zijue leza tatu

PRK ndiyo kongwe. Ngozi nyembamba ya juu ya konea inaondolewa, kisha leza ya eksaima inachonga konea yenyewe, inaondoa zaidi upande uliopinda ili limau liwe ndimu. Halafu unavishwa lenzi laini kama bendeji mpaka ngozi iote tena, siku nne hadi saba. Siku tatu za mwanzo zinauma kwelikweli, kama mchanga na kitunguu kwa pamoja, na uoni hutulia polepole kwa wiki, pengine miezi. Konea inaweza kuota ukungu, khasa kwa namba kubwa na jua kali. Lakini hakuna kifuniko, kwa hiyo hakuna cha kuhama ukipigwa usoni. Kwa mwenye konea nyembamba kidogo, kwa mchezaji mpira, kwa askari na kwa mvuvi anayekutana na kamba na makasia kila siku, mimi huipendelea hii licha ya maumivu yake.

LASIK inafunua kifuniko chembamba cha konea, leza ile ile ya eksaima inachonga chini yake, kifuniko kinarudishwa. Kesho yake wengi wanaona vizuri. Ndiyo yenye uwanja mpana zaidi kwa astigimatizimu: Marekani baadhi ya mashine zimeidhinishwa mpaka silinda ya 6.00, na zinahudumia hata wenye alama ya kujumlisha. Ubaya wake ni macho makavu kwa miezi mitatu hadi sita, kwa wengine zaidi, kwani neva zinazoita machozi zimekatwa. Wengine huona duara za mwanga kwenye taa usiku. Na kifuniko hakishikani tena kama ilivyokuwa kabla. Pigo kali la jicho linaweza kukihamisha hata baada ya muda mrefu.

SMILE haina kifuniko. Leza ya femtosekondi inakata kipande chembamba kama gamba la dagaa ndani ya konea, na daktari anakitoa kupitia tundu la milimita mbili hadi nne. Neva chache hukatwa, kwa hiyo ukavu mara nyingi huwa mdogo. Marekani iliidhinishwa mwaka 2016 kwa wasioona mbali, na mwaka 2018 ikaongezwa astigimatizimu, mpaka silinda ya 3.00. Kwa silinda ndogo ni njia nzuri. Kwa silinda kubwa nina wasiwasi nayo, kwa sababu mashine za mwanzo hazikuwa na namna ya kulifuata jicho linapojizungusha, na kuzunguka huko ndiko kunakoharibu kazi.

Mtu akikaa, eksisi yake iko mahali fulani. Akilala chali, jicho hujizungusha nyuzi chache tunduni mwake. Leza ikipiga kwa eksisi ya kukaa hali jicho limezunguka, inachonga pembeni ya panapotakiwa. Kwa kila nyuzi moja ya kukosea unapoteza kama asilimia 3 ya marekebisho. Nyuzi 10, theluthi imekwenda: mwenye silinda ya 3.00 anabakiwa na 1.00. Nyuzi 30, ni kama hukufanyiwa kitu. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wa leza, kabla ya bei, ni hili: "Eksisi yangu mtailinda vipi nikilala?" Jibu zuri ni mashine inayotambua mishipa ya jicho na kulifuata, au daktari anayeweka alama kwa wino kwenye jicho ukiwa umekaa wima. Wengi hufanya yote mawili. Ukijibiwa "usijali", chukua karatasi zako uondoke.

Aliyekataliwa leza zote tatu kwa unene au namba kubwa, bila kuwa na ugonjwa wa konea, aulizie lenzi inayopandikizwa ndani ya jicho mbele ya lenzi ya asili. Zipo za astigimatizimu. Na miwani iliyopimwa sawasawa, ikiwa na silinda iliyowekwa kwenye eksisi yake, bado ni tiba kamili.

Hatua ya 6: Simu, fedha na safari

Wazanzibari ninaowajua waliofanya leza wote wamevuka maji, wengine mpaka Nairobi au India. Kabla hujakata tiketi, piga simu uulize: bei ni ya jicho moja au mawili? Vipimo vimo? Matone na miadi ya baadaye vimo? Silinda ikibaki, kurudiwa kunalipiwa? Na nani atakayenishika, yule aliyenipima au mwengine? Bima yako iulize kwa maandishi, kwani upasuaji wa kuvua miwani mara nyingi huhesabiwa kuwa si wa lazima.

Usipange kurudi siku ile ile, hata kama boti ya kutoka Dar ni saa mbili tu. Kwa LASIK na SMILE daktari atataka kukuona kesho yake, na tena baada ya wiki. Kwa PRK kaa mpaka lenzi ya bendeji itolewe. Anayetoka Pemba ahesabu na usiku wa kulala njiani. Nenda na mtu, kwa sababu siku ya kwanza hata bei ya daladala hutaisoma.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kwetu mtu hatoki nyumbani bila kunukia, lakini siku hii usijifukize udi, usitie marashi, usivae kikuba cha asumini. Mvuke wa manukato huingilia mwanga wa leza ya eksaima, na kliniki nyingi zitakurudisha ukifika unanukia. Wanja uache siku kadhaa kabla, chembe zake hujificha kwenye kope na kuingia kidondani. Uso usipakwe mafuta.

Utatiwa matone ya ganzi. Hutachomwa sindano ya jicho. Kope zinashikwa kwa kibano kidogo ili usifumbe. Unatazama taa moja. Utasikia kubanwa na uoni kuzimika kwa sekunde chache, kisha mlio wa tiki-tiki na harufu kama ya nywele iliyoungua. Leza yenyewe haifiki dakika moja kwa jicho, mengine yote ni matayarisho. Kabla hujalala kitandani, hakikisha ile alama ya wino imeshawekwa ukiwa umekaa, kama ndivyo mlivyokubaliana.

Hatua ya 8: Wiki za mwanzo

Maji ya bomba yasiingie jichoni kwa wiki nzima. Kutawadha hakuhitaji maji yaingie ndani ya jicho: fumba macho, chukua maji kwa kiganja, yapitishe taratibu, usijimwagie. Daktari akikataza maji usoni kabisa, muulize shekhe wako, sharia ina njia kwa mgonjwa. Kwenye sijda shuka polepole, msala usiguse jicho.

Matone usiyakatishe. Ikiangukia Ramadhani, kwa madhehebu yetu ya Shafi matone ya jicho hayabatilishi saumu, hata ukisikia uchungu wake kooni. Nimeona watu wakiyaacha mchana kwa kuogopa, na jicho la PRK lisilotiwa dawa kwa saa kumi na mbili linaweza kulipia vibaya.

Lala na vile vikinga vya plastiki machoni, mkono hufikicha wenyewe usingizini. Bahari iache kwa mwezi. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wangoje idhini ya daktari, maana wao wana chumvi na jua kwa pamoja. Kwenye bodaboda vaa miwani iliyofunga pembeni. Aliyefanya PRK avae miwani ya jua inayozuia urujuanimno kwa miezi, hata siku ya mawingu.

Uoni kushuka ghafla, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, au jicho kupigwa: nenda siku hiyo hiyo. Kwa Unguja fika kitengo cha macho Mnazi Mmoja, kwa Pemba Hospitali ya Chake Chake, na sema mapema kwamba umefanyiwa leza na ya aina gani.

Hatua ya 9: Zitunze namba za zamani

Kabla hujaondoka kliniki, omba karatasi ya vipimo vya kabla ya leza: ramani, unene, silinda na eksisi. Siku ukija kufanyiwa mtoto wa jicho, pengine miaka thelathini baadaye, daktari atahitaji kukisia nguvu ya lenzi ya kukuwekea, na konea iliyochongwa huipotosha hesabu ya kawaida. Namba za zamani zitamsaidia kuisahihisha. Ipige picha umtumie mwanao, na yenyewe iweke kwenye bahasha pamoja na cheti cha kuzaliwa.